Usalama wa bweni: mwongozo kamili kwa wazazi na majirani wa shule ya upili

Muhula wa pili ukifika, simu za wazazi huanza kulia. Shule jirani imeungua, kuna karatasi ya vitisho imeokotwa chooni, watoto wanasema wanalala wawili wawili. Mkutano unaitishwa, watu wanafoka mpaka jua linazama, mwalimu mkuu anaahidi kwamba jambo litashughulikiwa, kila mtu anapanda matatu kwenda zake. Mwezi mmoja baadaye mlango wa bweni bado unafungwa kwa kufuli kutoka nje.

Mikutano ya namna hii hushindwa kwa sababu inaishia kwenye lalama. "Watoto wetu hawako salama" ni kweli, lakini hakuna fundi anayeweza kupewa kazi hiyo. "Mlango wa nyuma wa bweni la pili una upana wa futi tatu na unafunguka kwa ndani" ni kazi ya fundi wa vyuma, ina bei, ina tarehe na ina mtu wa kuulizwa ikichelewa.

Mwongozo huu ni wa shule za upili za bweni nchini Kenya. Vipimo vikuu vimetoka katika viwango vya usalama vya Wizara ya Elimu vya mwaka 2008, ambavyo shule nyingi zina nakala yake kabatini. Shule ya kutwa inaweza kuruka sehemu ya vitanda na kutumia zilizobaki.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Futi ya chuma ya mita 5, na nyingine ndefu ya mita 20 au 30.
- Daftari mbili: moja ya vipimo, nyingine ya maneno ya wanafunzi. Zisichanganywe.
- Tochi mbili zenye nguvu na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Firimbi nne.
- Nakala ya viwango vya wizara. Iombe shuleni au kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo.
- Sanduku la mbao lenye mdomo mwembamba na sehemu za kufuli mbili.
- Faili ngumu ya kuhifadhi barua, kumbukumbu na risiti.
- Watu sita au saba. Zaidi ya hapo ni mkutano mwingine.

Hao saba wasiwe wazazi watupu. Tafuteni fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati), fundi wa vyuma au mjenzi, muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji, mzee wa Nyumba Kumi wa karibu na shule, na mwalimu mmoja anayeaminiwa na wanafunzi. Ikiwa shule ni ya wasichana, lazima wanawake wawe wengi, maana watalazimika kuingia vyumba vya kulala na vyoo.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa kwa maandishi

Msiende langoni kwa kishindo. Mwalimu mkuu akishtukia umati atafunga lango, ataita polisi, na mazungumzo yatageuka kuwa ya nani alimkosea nani heshima.

Pitieni bodi ya shule, BOM. Kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, bodi ina wajumbe sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Wazazi wengi hawawajui hata kwa sura. Tafuteni majina yao, mzungumze na wawili au watatu, kisha muandike barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa bodi, nakala kwa mwalimu mkuu na kwa afisa wa elimu.

Barua iseme mambo manne tu: mnataka kukagua majengo gani, siku gani na saa ngapi, majina ya wakaguzi, na kwamba ripoti itapelekwa kwa bodi kabla ya kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua lango. Hofu kubwa ya mwalimu mkuu huwa ni kuona picha za bweni lake kwenye Facebook.

Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Bila muhuri huo, barua haijawahi kufika.

Wakikataa au wakinyamaza. Shule ya umma inabanwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi la kawaida lina siku 21 za kujibiwa. Linalohusu uhai au uhuru wa mtu lina saa 48. Andikeni ombi la pili mkitaja sheria hiyo, muombe ripoti ya mwisho ya ukaguzi, idadi ya wanafunzi wa bweni na idadi ya vitanda. Mkinyimwa tena, Tume ya Haki za Utawala hupokea malalamiko ya aina hii. Mara nyingi barua ya pili hutosha.

Mmefaulu ikiwa: mna barua yenye muhuri na tarehe ya ukaguzi.

## Hatua ya 2: Wasikilizeni wanafunzi kabla ya kushika futi

Wakaguzi wengi huanza na majengo, wanaonyeshwa bweni lililodekiwa asubuhi ile, wanaondoka wakisifu. Wanafunzi ndio wanaojua mlango upi hukwama, nani hulala sakafuni, na matroni huondoka saa ngapi.

Wekeni sanduku la maoni siku saba kabla ya ukaguzi. Liwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kupita peke yake bila kuonekana na ofisi ya naibu: kando ya choo au njia ya bwalo la chakula. Kufuli mbili, ufunguo mmoja abaki nao mwalimu, wa pili mzazi. Likifunguliwa na mmoja tu, wanafunzi watajua, na hawataandika tena.

Kisha kaeni na vikundi vya wanafunzi wanane hivi, kidato kwa kidato. Vidato visichanganywe: mtoto wa kidato cha chini hatamtaja wa kidato cha juu anayemnyang'anya blanketi huku ameketi kando yake. Ulizeni maswali yenye jibu la kuonyesha. Usiku taa zikizimwa, mlango unafungwa na nani, na ufunguo unalala wapi? Kitanda chako kiko mbali kiasi gani na mlango? Mara ya mwisho mlifanya zoezi la kutoka lini? Ni chakula, mtihani, adhabu au jambo gani linawakera sasa hivi?

Swali la mwisho lisiachwe. Mabweni mengi huchomwa na wanafunzi wenyewe wakiwa na malalamiko yaliyokosa wa kuyasikiliza, na mitihani ya majaribio ya muhula wa pili huongeza joto. Bodi inayotaka mitungi mipya ya kuzimia moto lakini haitaki kusikia habari ya maharagwe yenye wadudu imefanya nusu ya kazi.

Tahadhari. Msiandike jina la mwanafunzi kwenye daftari. Akitaja kudhulumiwa kimwili au kingono, acheni maswali pale pale. Kazi yenu si kuchunguza. Mhudumu wa afya amkabidhi kwa afisa wa watoto au apige 116, nambari ya bure ya msaada kwa watoto, siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 3: Pimeni bweni

Fanyeni kazi hii mara mbili: mchana kwa vipimo, na tena saa nne usiku kwa dakika kumi tu, kuona jinsi milango inavyofungwa kwa kweli. Ukaguzi wa mchana peke yake hauna thamani kubwa.

### Milango

Viwango vinataka mlango wa angalau futi 5, yaani mita 1.5 hivi, unaofunguka kwa nje. Bweni liwe na mlango kila mwisho na mlango wa dharura katikati.

Pimeni uwazi wenyewe, si fremu. Mlango wa pande mbili ambao upande mmoja umepigwa komeo juu na chini una nusu ya upana wake, hata kama michoro inasema futi tano. Kwa nini ufunguke kwa nje? Watu wakikimbilia mlango kwa pamoja, wa nyuma huwasukuma wa mbele. Mlango wa kufunguka ndani unabanwa na miili na hauwezi kuvutwa tena.

Kisha jaribio ambalo ni muhimu kuliko yote. Fungeni mlango kama unavyofungwa usiku, mmoja wenu abaki ndani gizani, bila ufunguo na bila tochi. Atoke. Akishindwa kutoka kwa sekunde tano, mlango huo ni mtego. Huko Bombolulu, Kwale, Machi 1998, walikufa wasichana 26 katika moto wa bweni. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Kote kuwili kulikuwa na mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma.

Dawa ni komeo la kusukuma kutoka ndani, lisilohitaji ufunguo. Fundi wa vyuma yeyote wa sokoni anaweza kulitengeneza. Kufuli ya nje itumike wakati bweni ni tupu pekee, yaani wanafunzi wakiwa darasani au uwanjani.

### Madirisha

Yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa nje. Hapa ndipo ubishi huanza, hasa shule za wasichana: wezi je, wavamizi je? Hoja ni nzito, ila jibu lake halimo dirishani. Mvamizi huzuiwa na ua, taa za nje, bawabu anayezunguka na matroni anayelala kwenye chumba kinachopakana na bweni. Ukimzuia mvamizi kwa vyuma vya dirisha, umemzuia na mtoto.

Bodi ikigoma kuondoa vyuma vyote kwa mara moja, anzeni na madirisha yaliyo mbali zaidi na milango. Hayo ndiyo yatakayohitajika kwanza. Na angalieni nje pia: dirisha linalofunguka juu ya mtaro wa zege au lundo la kuni halijakamilika.

### Vitanda

Nafasi kati ya kitanda na kitanda ni mita 1.2, na njia ya kati ni mita 2. Chukueni vipimo hivyo mfanye hesabu mbele ya mwalimu mkuu. Hesabu haina ugomvi.

Mfano: bweni la mita 20 kwa 6, vitanda vya orofa vyenye upana wa mita 0.9 na urefu wa mita 1.9, vichwa vikielekea ukutani pande zote mbili. Upana: mita 6 toa 1.9 mara mbili, inabaki njia ya mita 2.2. Sawa. Urefu: vitanda 9 vinachukua mita 8.1, nafasi 8 kati yao zinachukua mita 9.6, jumla 17.7. Mita 2.3 zilizobaki zigawanywe kwenye ncha na kwenye mlango wa dharura. Hivyo vitanda 9 kila upande, 18 kwa jumla, wanafunzi 36. Bweni hilo likiwa na wanafunzi 80, kuna 44 ambao hawana mahali pa kulala kwa mujibu wa viwango vya wizara, na mmeandika idadi yao.

Hesabuni pia magodoro, si vitanda tu. Magodoro yakizidi vitanda, watu wanalala sakafuni. Yakipungua, wanalala wawili wawili.

Godoro la sponji linapowaka hutoa moshi mweusi wenye sumu, na chumba kilichojaa magodoro kinaweza kushika moto kizima kwa dakika tatu hadi tano. Wengi huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Kila kitanda kilichobanwa kwenye njia kinakula sekunde ambazo hazipo.

Masanduku ya bati nayo yatoke njiani. Yasukumwe chini ya kitanda au yawekwe chumba cha masanduku.

### Umeme

Fundi aanze juu ya dari, si kwenye soketi. Waya zilizounganishwa kwa kusokotwa na kufungwa plastiki ndizo hutafutwa. Chini, angalieni vishikizo vya balbu: mwanafunzi mwenye simu ya kificho huchaji kwa kuchokonoa kishikizo au swichi, na alama zake ni plastiki iliyoungua kidogo na skrubu iliyolegea.

Swichi kuu iwe mahali ambapo mtu aliye nje ya bweni anaweza kuifikia. Mwulizeni bawabu aionyeshe. Akianza kutafuta mwenye ufunguo wa stoo, andikeni.

### Mitungi ya kuzimia moto

Kila mlango uwe na mtungi. Wa unga mkavu wa kilo 9 unafaa kwa bweni. Angalieni mambo matatu: mshale uko kwenye kijani, pini na mhuri wake vipo, na kibandiko cha huduma hakijapitisha mwaka mmoja. Unga ukikaa muda mrefu bila kuguswa huganda chini, mshale ukionyesha kijani vizuri tu. Ndiyo maana huduma ya mwaka haiepukiki.

Utundikwe ukutani, mshikio ukiwa usawa wa kifua, kando ya mlango wa kutokea ili anayeutumia awe na njia nyuma yake. Mtungi uliofungiwa ofisini "usiharibiwe na wanafunzi" ni sawa na kutokuwa nao. Wakiuchezea, dawa ni mhuri unaoonekana na kiranja anayeukagua kila jioni.

Viranja na matroni wajue: vuta pini, lenga kitako cha moto, bana mshikio, fagia kushoto na kulia. Mtungi hautoshi hata nusu dakika. Moto ukiwa umeshapita kimo cha mtu, mtungi uachwe, watu watoke.

### Maji na njia ya gari

Gari la zimamoto la kaunti linaweza kuwa umbali wa saa nzima, lakini likifika lisikwame langoni. Lango liwe na upana wa angalau mita 4, matawi juu ya njia yakatwe hadi mita 4.5. Tangi la lita 10,000 lenye bomba la kutolea maji mahali gari linapofika linasaidia kuliko ndoo mia za mchanga. Ndoo za mchanga ziwepo, lakini mara nyingi hugeuka kuwa za takataka.

Mmefaulu ikiwa: kila kasoro imeandikwa kwa jengo, mahali, kipimo kilichopo na kipimo kinachotakiwa.

## Hatua ya 4: Geuzeni ripoti kuwa ratiba

Ripoti ya kurasa thelathini husomwa na aliyeiandika. Andikeni jedwali la kurasa mbili lenye safu tano: kasoro, dawa, mhusika, gharama, tarehe. Kisha yagawanyeni yaliyomo kwa muda.

Leo kabla ya usiku. Yasiyo na gharama: kufuli za nje kuondolewa, komeo zilizokwama kulegezwa, masanduku kutolewa njiani, mitungi kutolewa ofisini, vitanda vinavyoziba milango kuhamishwa. Ukaguzi ukiisha saa kumi na mlango bado una kufuli saa tatu usiku, timu isiondoke kabla ya kuzungumza na mwenyekiti wa bodi kwa simu.

Ndani ya wiki mbili. Makomeo ya ndani, waya za dari, vyuma vya madirisha, huduma ya mitungi.

Kabla ya muhula kufungwa. Kugeuza milango, kutoboa mlango wa dharura, kupunguza wanafunzi kwenye bweni lililojaa. Hili la mwisho halina fundi. Linahitaji bodi iamue kugeuza darasa kuwa bweni kwa muda likiwa na milango inayofaa, au kuacha kupokea wanafunzi wapya wa bweni. Msikubali jibu la "tunasubiri jengo jipya" bila mpango wa usiku wa leo.

Pesa: ombeni bei kwa mafundi watatu. Michango ipitie akaunti ya shule na kila mzazi apewe risiti. Kamwe isiingie kwenye simu ya mwenyekiti. Malipo ya ziada yanahitaji idhini ya ngazi za elimu, na mtoto hawezi kufukuzwa shuleni kwa sababu mzazi hajayatoa. Mzazi fundi anayejitolea siku mbili kukata vyuma mara nyingi huokoa zaidi ya harambee nzima.

Mmefaulu ikiwa: kumbukumbu za kikao cha BOM zinataja jedwali hilo, na kila mstari una jina la mtu. "Uongozi" si jina la mtu.

## Hatua ya 5: Orodha ya vitanda na mahali pa kukusanyika

Shule karibu zote zina orodha ya madarasa. Saa nane usiku orodha hiyo haisaidii, kwa sababu watu wanalala kwa mabweni.

Tengenezeni orodha kwa kitanda: bweni, nambari ya kitanda, juu au chini, jina. Nakala tatu: kwa matroni, kwa bawabu langoni, na ndani ya bahasha ya plastiki mlangoni mwa bweni. Kila jioni kabla ya kulala kiranja ahesabu, aandike waliopo, walio zahanati na walioruhusiwa nyumbani. Jina lisilofutwa baada ya mwanafunzi kwenda nyumbani litamrudisha mtu ndani ya moto kumtafuta asiyekuwepo.

Mahali pa kukusanyika pawe umbali wa mita 50 au zaidi kutoka jengo, upande ambao upepo wa kawaida hauelekezi moshi, na mbali na njia ya gari la zimamoto. Choreni mistari ardhini, kila bweni na mstari wake.

Kuhesabu kwa kuita majina huharibika kwa jambo moja dogo: "Yuko!" Rafiki anamjibia rafiki aliyedhani amemwona. Hesabuni kwa kugusa bega, mstari kwa mstari, kisha idadi ilinganishwe na ya jioni. Majina yatafuata idadi ikipungua.

## Hatua ya 6: Zoezi la kutoka

Fanyeni mara tatu, kwa mpangilio huu.

1. Mchana, kwa taarifa. Watembee, wasikimbie. Kila kitanda kijue mlango wake wa kwanza na wa pili.
2. Jioni, kwa taarifa, taa zikiwa zimezimwa. Hapa ndipo mtajua kama njia inapitika gizani.
3. Usiku, bila wanafunzi kujua saa. Wajue mwalimu mkuu, matroni, bawabu, muuguzi, kituo cha polisi, chifu na nyumba zinazopakana na shule. Jirani asiyejua atapiga simu kumi, na nusu saa baadaye kutakuwa na wazazi mia langoni.

Kengele ya umeme isitegemewe peke yake, maana moto unaweza kukata umeme. Firimbi nne ziwe kwa matroni, bawabu na viranja wawili. Mkubaliane mlio mmoja usiotumika kwa michezo.

Saa ianze firimbi ya kwanza inapolia. Lengo zuri ni dakika mbili hadi mtu wa mwisho atoke, na dakika tano hadi idadi ithibitishwe. Zoezi la kwanza huchukua mara mbili au tatu ya hapo, na hilo ni la kawaida. La kuangalia ni palipokwama. Mtu mmoja asimame kila mlango akiwa na saa, aandike ni sekunde ya ngapi foleni ilisimama na kwa nini: sanduku, viatu, mtu aliyerudi kuchukua sweta.

Wapangieni wenzao wawili wawili wanafunzi wenye ulemavu, pumu au kifafa, na wasilale kitanda cha juu wala mbali na mlango.

Tahadhari. Msiwashe moshi wala moto wa kuigiza. Msifunge mlango mmoja kwa kushtukiza katika zoezi la usiku. Msongamano peke yake unaweza kuumiza. Mwalimu mmoja abaki akilinda mabweni, la sivyo vitu vitaibwa na zoezi lijalo watoto watatoka wamebeba masanduku.

Mmefaulu ikiwa: idadi ya mstarini inalingana na ya jioni bila mtu kurudi ndani, na muda umepungua kutoka zoezi moja hadi jingine.

## Hatua ya 7: Mkubaliane na waliozunguka shule

Mzee wa Nyumba Kumi na chifu waite kikao kifupi cha wenye vibanda, waendesha bodaboda na wenye vituo vya mafuta. Ajenda mbili. Petroli isiuzwe kwa chupa kwa mtu aliyevaa sare, wala kwa bodaboda aliyetumwa na mwanafunzi. Na bodaboda walioko stejini usiku wajue ni nani wa kupigiwa wakiona moshi au mtu anayeruka ua.

Tengenezeni karatasi ya simu: bawabu anampigia mwalimu mkuu, zimamoto wa kaunti na kituo cha polisi kwa nambari zao za moja kwa moja, si 999 au 112 peke yake, kisha Msalaba Mwekundu 1199. Mwalimu mkuu anampigia mwakilishi mmoja wa wazazi, naye ndiye pekee anayeandika kwenye kundi la WhatsApp. Kundi liwe na sheria tatu: hakuna picha ya mtoto, hakuna sauti iliyosambazwa kutoka kundi jingine, na hakuna kuja shuleni mpaka mwakilishi aseme. Magari ya wazazi waliokuja mbio yakiziba barabara ya murram, gari la zimamoto litasimama nyuma yake.

Langoni, daftari la wageni liandikwe jina, kitambulisho, anayetembelewa na saa ya kutoka. Mgeni asiingie bweni. Wafanyakazi wasio walimu, kuanzia mpishi hadi fundi wa muda, wawe na cheti cha maadili mema kutoka polisi.

## Hatua ya 8: Karatasi ya vitisho ikiokotwa

Karatasi ya "tutachoma" ichukuliwe kwa kuguswa kidogo iwezekanavyo, iwekwe kwenye bahasha, iandikwe mahali, saa na aliyeiokota. Mwalimu mkuu aarifu polisi na mwenyekiti wa bodi siku hiyo hiyo. Usiku huo walimu wawili wazunguke mabweni kwa zamu mpaka alfajiri, na hesabu ya vitanda irudiwe saa sita.

Msiwaadhibu wote ili mmoja ajitokeze. Sheria ya Elimu ya Msingi inakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili, na kwa upande wa usalama ni kosa pia: walio kimya lakini wanajua ndio mnaowahitaji waseme, na mmewapa sababu ya kunyamaza. Itisheni vikundi vya hatua ya 2 tena kesho yake. Jibuni hadharani lalamiko lililo la kweli, hata kama aliyeliandika alikosea njia.

Msako wa masanduku ufanywe na walimu wa jinsia ya wanafunzi hao, mwenye sanduku akiwepo, na kilichochukuliwa kiandikwe.

## Hatua ya 9: Mtu akiungua kabla gari kufika

Maji safi yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Vueni pete na saa kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi isibanduliwe. Funikeni kwa kitambaa safi au plastiki laini ya kufunikia chakula. Dawa ya meno, yai, unga na mafuta visiguse jeraha. Aliyevuta moshi aende hospitali hata akisema yuko sawa, kwa maana koo huweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

## Hatua ya 10: Kila mwanzo wa muhula, na kila mwalimu mkuu mpya

Wiki ya kwanza ya kila muhula, kagueni tena mambo manne yanayorudi nyuma upesi: komeo, njia ya kati, mitungi, orodha ya vitanda. Kazi hii ni ya saa mbili. Fanyeni zoezi moja la usiku kabla ya wiki ya nne, na jingine kabla ya mitihani ya majaribio.

Walimu wakuu huhamishwa, na anayekuja hukuta funguo bila maelezo. Jedwali la hatua ya 4, matokeo ya mazoezi na barua zote zikae kwenye faili mbili, moja ofisini na moja kwa katibu wa wazazi. Mwalimu mkuu mpya akabidhiwe ya ofisini siku ya makabidhiano, mbele ya BOM, naye aweke sahihi kwamba ameipokea. Kisha mpelekeni bwenini saa nne usiku, azime tochi na afungue mlango mwenyewe kutoka ndani.